Sakulenti yako inakufa kiu ndani ya maji

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nakaa Kigamboni. Mwezi wa tatu nilizawadiwa sakulenti sita, ile mimea ya majani manene yanayotunza maji, zilizotoka Nairobi, zimepandwa kwenye bakuli za kioo, chini zimewekewa mawe meupe mazuri. Nimeziweka sebuleni dirishani. Muuzaji alisema nimwagilie mara moja kwa wiki, lakini kwa joto la huku nikaona wiki ni mbali, nikawa naweka vijiko viwili vya maji kila asubuhi, na jioni napuliza kidogo kwa chupa ya spreya. Tatu zimeshakufa, majani yaligeuka kama jeli yakadondoka. Ya nne sasa imesinyaa, majani yamekunjamana kama vidole vya mtu aliyefua kutwa. Niiongezee maji? Na hasa, sakulenti inataka maji kiasi gani, na mara ngapi kwa wiki? Maji yetu ni ya kisima. Halafu mwezi ujao nasafiri Songea wiki mbili, sijui nimwachie nani kazi ya kumwagilia.

Jibu: Marahaba, binti yangu. Nianze na hiyo ya nne, maana haiwezi kungoja nimalize maelezo. Usiiongezee hata tone. Leo hii, ukishasoma, itoe kwenye bakuli. Tandika gazeti mezani, laza bakuli ubavu, ligongegonge taratibu mpaka mmea utoke na udongo wake. Kisha nusa udongo, na vuta mzizi mmoja.

Udongo wa sakulenti iliyo salama haunuki kitu, au unanuka vumbi lililoguswa na mvua. Ukinuka kama maji ya maua yaliyosahaulika kwenye jagi, jibu umeshalipata puani. Mzizi nao ushike kwa kidole gumba na cha shahada, uuvute kidogo. Mzizi mzima ni mweupe au wa kahawia hafifu, na unakaza. Uliooza unachunika ganda: ganda linabaki vidoleni mwako kama soksi iliyolowa, na katikati panabaki uzi mwembamba tu. Kwa jinsi ulivyoeleza, naona uzi huo ndio utakaokutana nao.

Hapa ndipo watu hunaswa, na wengi wao ni watu makini wanaopenda mimea yao. Jani likikunjamana wanasema mmea una kiu. Ni kweli, una kiu. Ila kiu hiyo ina sababu mbili zisizofanana hata kidogo. Ya kwanza, udongo umekauka na hakuna cha kunywa. Ya pili, maji yapo tele lakini mdomo umeoza. Mmea usio na mizizi unakaa juu ya udongo uliolowa na kukauka kama ulioachwa juani. Mwenye mmea anaona makunyanzi, anaongeza maji, mizizi michache iliyobaki nayo inaoza, makunyanzi yanazidi, anaongeza tena. Ukiona makunyanzi, usiangalie jani peke yake, chomeka kijiti kwenye udongo. Udongo mkavu mpaka chini na jani limekunjamana: mwagilia, na ndani ya siku mbili tatu litajaa tena. Udongo umelowa na jani limekunjamana: hilo ni tatizo la mizizi, na maji hayatalitibu.

Kuokoa iliyobaki kunawezekana kama shina bado gumu. Chukua kisu kikali, kifute kwa spiriti, kata shina juu ya sehemu nyeusi. Angalia kidonda. Kikiwa na duara la kahawia katikati, kuoza kumeshapanda. Futa kisu tena, kata juu zaidi, mpaka uone nyama safi ya kijani au nyeupe kote. Usione huruma. Bora kubaki na kichwa cha sentimita 3 kisafi kuliko mmea mrefu wenye ugonjwa ndani. Weka hicho kichwa kivulini mahali penye upepo, bila udongo, bila maji. Kwenye miji ya baridi na hewa kavu wanasema siku 3. Kwa unyevunyevu wetu wa Pwani mimi naacha wiki nzima, mpaka kidonda kifanye gamba gumu ukiligusa. Ndipo ukiweke juu ya mchanganyiko mkavu wa udongo, ule nitakaokueleza chini. Mizizi midogo ya waridi au myeupe ikichungulia, baada ya wiki mbili au tatu hivi, mwagilia kwa mara ya kwanza. Watu hunipigia simu siku ya tano: "Haijaota bado, niweke maji kidogo?" Hapana. Maji yaliyomo ndani ya majani ndiyo yanayoulisha mmea wakati huo, na ukame ndio unaousukuma utafute mizizi.

Sasa nirudi nyuma kwenye vijiko viwili, maana huko ndiko tatizo lilikoanzia.

Mizizi inapumua. Inahitaji oksijeni kama wewe, na inaipata kwenye nafasi ndogo zilizo kati ya chembe za udongo. Maji yakijaza nafasi hizo, hewa inatoka. Yakikaa saa chache si neno. Yakikaa siku nyingi mizizi inakosa pumzi, inakufa, na vimelea vya kuozesha, vile vinavyofanana na fangasi ambavyo havikosekani kwenye udongo, vinaingia kwenye kilichokufa na kupanda juu. Kinachoua sakulenti, kwa hiyo, ni muda ambao mizizi inakaa bila hewa kuliko wingi wa maji unayomimina siku moja. Wewe ulikuwa unatoa maji kidogo sana, lakini kila siku, kwenye bakuli lisilo na tundu. Juu pakavu, ukiangalia unaona mmea unateseka. Chini kuna kidimbwi kisichokauka tangu mwezi wa tatu. Na mwezi wa tatu ndio masika yanaingia, hewa yenyewe imejaa maji.

Ndiyo maana swali la "mara ngapi kwa wiki" silijibu, hata nikibembelezwa. Muuzaji wa Nairobi hakukudanganya. Kwake, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, bandani, chini ya nailoni, kwenye vyungu vyenye matundu na udongo uliochanganywa na mawe mepesi ya volkano, wiki moja ilitosha kabisa mmea kunywa na kukauka. Wewe ulipokea tarehe yake bila kupokea udongo wake, chungu chake na hali ya hewa yake.

Kanuni yangu ni hii: mwagilia kwa kushiba, subiri ukauke kabisa, kisha ngoja kidogo tena. Mvua ya nyika ndivyo inavyonyesha. Inapiga kwa nguvu, inapita, halafu jua. Hakuna nyika inayonyeshewa vijiko viwili kila asubuhi.

Kushiba maana yake nini? Chukua birika yenye mdomo mwembamba, au chupa ya maji uliyotoboa kifuniko, mimina kwenye udongo kuzunguka shina mpaka maji yatoke chini kwenye tundu, yatoke kweli, si matone mawili. Kwa chungu chenye upana wa sentimita 10, kikombe kimoja cha chai kwa kawaida kinatosha. Acha dakika kumi, kisha mwaga yote yaliyobaki kwenye kisahani. Hili la kisahani nalisisitiza kwa sababu mbili: mizizi itayanyonya tena, na mbu wa dengi wanapenda mno maji masafi yaliyotulia kwenye visahani vya maua. Dar es Salaam tumeshapata milipuko ya dengi mwaka 2014 na tena 2019. Tusiwafugie mbu sebuleni kwa ajili ya urembo.

Utajuaje umekauka? Kidole hakitoshi, kinafika juu tu. Tumia kijiti cha mishikaki. Kichomeke pembeni mwa chungu mpaka kiguse chini, kiache dakika tano, kitoe. Kikitoka na rangi ya kulowa au chembe za udongo zimeng'ang'ania, rudi baada ya siku tatu. Kikitoka kikavu kama kilivyoingia, bado usikimbilie maji. Hesabu siku mbili au tatu nyingine, kisha mwagilia. Ukizoea, utaachana na kijiti utumie mkono. Inua chungu siku umekimwagilia, ukikumbuke uzito wake; kiinue tena siku kijiti kimesema kikavu. Tofauti yake utaishangaa. Mama mmoja mteja wangu anatumia mizani ya kupimia unga wa keki. Siku ya kumwagilia anaandika uzito kwa penseli ubavuni mwa chungu, na kila gramu inayopungua anajua ni mililita moja ya maji iliyoondoka. Nilimcheka mwanzoni. Siku hizi simcheki, kwani hajapoteza mmea.

Na hiyo chupa ya spreya, binti yangu, iweke kwenye nguo za kupiga pasi. Sakulenti hainywi kwa majani. Ule ungaunga mweupe au wa kijivu unaouona juu ya jani la ekeveria, ile yenye umbo la ua la waridi, ni nta, na kazi yake ni kuzuia maji yasipite, ya ndani yasitoke. Ukipuliza, maji yanakusanyika katikati ya ua la majani, kwenye moyo, na kwa usiku wetu wa joto usio na upepo yanaozesha moyo kabla hujajua. Maji yakiingia humo kwa bahati mbaya, yapulize kwa mdomo au yanyonye kwa ncha ya tishu. Ungaunga nao usiufute kwa kitambaa ukidhani ni vumbi. Jani lililokwisha kufutwa halitengenezi mwingine.

Sasa yale mawe meupe chini ya bakuli. Najua yanapendeza kupitia kwenye kioo, na karibu kila mtu ameambiwa kwamba mawe chini yanasaidia maji kuchuja. Hayasaidii. Nikikwambia kwa maneno hutaniamini, kwa hiyo nenda jikoni. Chukua sponji mpya ya kuoshea vyombo, ile ya mstatili. Iloweshe mpaka ishibe, ishike imelala bapa juu ya sinki. Itachuruzika, itadondosha, itaacha. Ikishaacha kabisa, bila kuikamua, igeuze isimame kwa upande wake mrefu. Inaanza kudondosha tena! Ikitulia, isimamishe kwa upande mfupi, iwe ndefu kabisa. Inadondosha tena. Sponji ni ileile na maji ni yaleyale. Kilichobadilika ni kimo.

Udongo nao uko vivyo hivyo. Chini kabisa ya kila chungu hubaki tabaka la udongo ambalo haliachii maji yake, kwa sababu vitundu vidogo vya udongo vinayashika kwa nguvu kuliko uzito wa maji yenyewe unavyoyavuta. Tabaka hilo lina kimo chake, na kimo hicho hutegemea udongo. Ukiweka mawe chini, maji hayateremki kwenye nafasi kubwa za mawe mpaka udongo wa juu yake ushibe kabisa. Kwa hiyo tabaka lililolowa linahama, linakaa juu ya mawe, karibu zaidi na mizizi. Umekifupisha chungu. Na bakuli lako, bila tundu, lina kidimbwi ndani ya mawe na udongo uliolowa juu ya kidimbwi. Mawe hayo yapange juu ya udongo kama pambo, huko yanafaa, yanazuia majani ya chini yasilale kwenye unyevu.

Ukipenda bado kuona kioo, weka chungu kidogo cha plastiki chenye matundu ndani ya bakuli. Siku ya maji kitoe, kimwagilie kwenye sinki, kichuje, kirudishe. Vinginevyo chungu cha udongo cha kufinyanga, kisichopakwa rangi, ndicho rafiki yako wa kwanza. Kinapumua ubavuni kote, na kwa Pwani hilo ni nusu ya kazi.

Nusu nyingine ni udongo. Usinunue mfuko ulioandikwa udongo wa maua ukautumia mtupu. Mara nyingi ni mboji na makumbi ya nazi yaliyosagwa, mzuri kwa mchicha. Mimi nachanganya ndoo moja ya mboji iliyoiva na ndoo mbili za vitu vigumu: chenga za matofali ya kuchoma zilizopondwa, kokoto ndogo kabisa, na vipande vya mkaa ukubwa wa punje ya mahindi. Muhimu ni kuchekecha. Ponda tofali, pitisha kwenye chekeche la unga, vumbi linaloanguka chini mwaga, kinachobaki juu ndicho unachotaka. Vumbi likibaki linaziba nafasi zote ulizokuwa unazitengeneza. Chenga za tofali nazipenda kwa sababu zina vitundu vyake vya ndani, zinabeba maji kidogo huku nje zikiacha hewa. Mchanga wa mto ulio mkubwa unafaa pia ukiuosha. Mchanga wa ufukweni usiuguse, hata kama unauona mweupe unakuita kutoka barazani. Una chumvi na chembe zake ni ndogo.

Mboji ina ugomvi mmoja. Ikikauka kabisa inakataa maji. Unamimina, maji yanapita pembeni kwenye ufa kati ya udongo na chungu, yanatoka chini, unafurahi, kumbe katikati ni pakavu kama mwanzo. Ukihisi chungu ni chepesi hata baada ya kumwagilia, kikalishe kwenye beseni lenye maji yanayofika nusu ya kimo chake kwa nusu saa, kisha kitoe kichuje vizuri. Usikisahau humo ukaenda sokoni.

Kuna jambo la usiku ambalo watu wa Pwani tunapaswa kulijua, maana vitabu vingi vya mimea hii vimeandikwa kwenye nchi za baridi. Mmea wa kawaida, mwembe kwa mfano, hufungua vitundu vya majani mchana kuvuta hewa ya kaboni, na maji hutoroka humohumo. Sakulenti nyingi hufunga mchana na kufungua usiku, kukishapoa. Hewa ya usiku wanaihifadhi kama asidi, mchana kwenye mwanga wanaigeuza kuwa chakula. Mwaka 1813 Benjamin Heyne, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi India, aliandika kwamba majani ya mmea mmoja wa jamii ya kalanko ni makali kwa uchachu asubuhi, mchana karibu hayana ladha, jioni yana uchungu kidogo. Aliuonja, ulimi ukamwambia kilichokuja kuelezwa na wanasayansi baadaye sana. Wewe usionje, kalanko zina sumu ya moyo, na utomvu wa mnyaa kila mtoto wa uswahilini anajua unavyofanya macho.

Maana ya hayo kwako: sakulenti inategemea usiku wa baridi kidogo. Ekeveria imetoka milima ya Mexico, usiku wa huko unapoa. Dar es Salaam kuanzia Desemba mpaka Machi usiku hubaki kwenye nyuzi 24 au 25, na sebuleni zaidi. Mmea unachoka, unapunguza kazi, haunywi inavyopaswa. Wengi huona joto na kuzidisha maji wakati huohuo ambao mmea umepunguza kunywa. Ulichofanya wewe ndicho hicho.

Kwa hiyo nikifuata majira yetu, mimi huenda hivi. Kiangazi cha kaskazi, ekeveria na haworthia nazihamishia kwenye kivuli chenye upepo, namwagilia alfajiri, na nasubiri muda mrefu baada ya udongo kukauka. Masika naziepusha na mvua kabisa, naziweka chini ya bati la kuangaza au barazani. Kuna mwaka nilikaa wiki tano bila kumwagilia chochote, kijiti kilikuwa kinatoka na unyevu tu. Kipupwe, Juni mpaka Agosti, upepo wa kusi unavuma, hewa inakauka, usiku unapoa: hapo ndipo zinakua, rangi zinarudi, na hapo unaweza kujikuta unamwagilia kila siku saba au kumi. Ndugu zetu wa Nairobi na Arusha wao kinyume chake. Julai yao ni ya mawingu na baridi, maji wakati huo ni sumu. Mtu anayekaa chumbani na kiyoyozi kutwa naye ana hali yake, hewa ni kavu lakini mwanga hafifu, na mmea wenye mwanga hafifu hunywa kidogo. Kijiti ndicho kitakachosema.

Maji yako ya kisima. Kigamboni visima vingi vina chumvi, wewe unajua chai yenu ina ladha gani. Maji yanaondoka, chumvi inabaki, na kila unapomwagilia unaongeza nyingine. Angalia ubavu wa chungu cha udongo baada ya miezi michache utaona ukoko mweupe. Chumvi ikizidi kwenye udongo, mizizi inashindwa kuvuta maji hata yakiwepo. Na kuchemsha hakusaidii, kunaifanya ikolee. Kinga maji ya mvua: acha mvua ya kwanza ioshe bati, kisha weka ndoo na uifunike. Kama una kiyoyozi, yale maji yanayodondoka nje kwenye bomba lake hayana chumvi, yanafaa. Ukilazimika kutumia ya kisima, mimina mengi kila mara mpaka yatoke kwa wingi chini ili yaoshe udongo, na kila baada ya miezi miwili mitatu suuza kwa maji ya mvua. Vijiko viwili havioshi kitu.

Hujaniambia zilizobaki ni aina gani, kwa hiyo nitapita haraka. Zile zenye umbo la ua la waridi, ekeveria na jamaa zake, ndizo dhaifu kuliko zote hapa Pwani. Ukishindwa nazo usijilaumu. Haworthia, ndogo zenye milia myeupe, haitaki jua kali. Mshubiri unavumilia karibu kila kitu isipokuwa chungu kisicho na tundu. Sansevieria, yenye majani yaliyosimama kama panga, iache wiki tatu hata nne bila wasiwasi. ZZ, ile ya majani yanayong'aa wanayoweka maofisini, watu huinunua kwa bei ya mmea wa Ulaya, kumbe asili yake ni kwetu huku, kuanzia Kenya kushuka kusini. Ina viazi vya maji chini ya udongo, na ukiimwagilia mara moja kwa mwezi haitalalamika. Waridi la jangwani ni kichwa kingine. Likiwa kwenye jua kali na limejaa majani linakunywa karibu kama mmea wa kawaida, tena linafurahia; likianza kudondosha majani wakati wa kipupwe, funga maji mpaka lichipue. Ningekuwa wewe, ningezikusanya hizi za kwetu kwanza na kuziacha ekeveria kwa watu wa Lushoto, kwenye baridi ya milimani.

Dalili mbili za kukusaidia kabla jani halijawa jeli. Moja, jani la chini linageuka njano na kupenyeza mwanga, ukiligusa tu linadondoka likiwa bado zito: maji yamezidi. Jani la chini lililokauka likawa kama karatasi halina neno, mmea umejinywea maji yake wenyewe, litoe. Pili, vinzi vidogo vyeusi vinavyoruka ukisogeza chungu. Havidhuru sana, lakini huzaliana kwenye udongo ambao haukauki juu, na wanakwambia ukweli kuhusu ratiba yako. Shina likirefuka likainama kuelekea dirishani, hilo si la maji kabisa. Lina njaa ya mwanga, sogeza.

Na Songea. Usimwachie mtu. Nasema hivi nikijua una shemeji mwema au dada wa kazi anayependa kusaidia, na hao wema ndio wanaoua. Nimeshawahi kusafiri siku kumi na nikarudi nikakuta mpwa wangu amemwagilia vyungu arobaini kila jioni, kwa upendo, mpaka visahani vimefurika. Siku tatu kabla ya kuondoka pitisha kijiti. Vilivyokauka vimwagilie vishibe, vichuje kabisa, visogeze mbali kidogo na jua la dirishani. Vilivyo na unyevu viache vilivyo. Wiki mbili kwa sakulenti ni kama mchana wa kufunga kwa mtu mzima aliyezoea.

Siku nyingine ukipita Korogwe, njia ya Tanga, ukaona mashamba ya mkonge, kumbuka nao ni sakulenti. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliagiza vitoto 1,000 vya mkonge kutoka Florida, vikapitishwa Hamburg, vikaja kwa meli mpaka Tanga. Vilivyofika vikiwa hai ni 62, na hivyo 62 ndivyo vilivyoanzisha mashamba yote yale. Sisemi kwamba havifi. Nasema safari yako ya Songea ni fupi mno kuviua, na zile tatu zilizobaki kwako zitakusubiri, mradi ile chupa ya spreya uifungie kabatini kabla hujapanda basi.